Wampembe, gemu la tabibu na safari ya mama mjamzito

Anayekwenda Wampembe kwa gari anashuka. Mji wa Sumbawanga uko juu ya nyanda za Ufipa, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, mahali pa baridi ambapo mwezi wa Juni blanketi moja halitoshi. Mashamba ya mahindi, maharage na ulezi yametanda hadi upeo wa macho na miti ni ya kuhesabu. Wafipa wanajulikana tangu enzi za mababu kwa kilimo chao cha ntumba, yale matuta ya duara ambayo majani hufukiwa ndani yake yaoze na kuwa mbolea. Ziwa Tanganyika, kwa upande wake, liko mita 773 hivi. Kati ya blanketi la Sumbawanga na joto la ufukweni kuna tofauti ya kilomita nzima ya kwenda chini, na barabara inayoanzia Kitosi ndiyo inayomfikisha msafiri huko, kona baada ya kona.

Mwisho wa barabara ni maji. Wampembe ni kata ya Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, na hapo kwenye fukwe mgeni anakutana na maisha mengine kabisa: mitumbwi iliyopinduliwa, nyavu zinazoshonwa, dagaa walioanikwa, migebuka inayobanikwa. Mbele yake kuna ziwa lenye urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Ng'ambo kuna milima ya Kongo, inayoonekana siku ambazo hewa ni safi. Nyuma yake kuna ukuta wa milima aliyotoka kuishuka.

Aliye hapo na mzima hana haraka. Upepo wa ziwa ni mzuri, kuhe wa kuchoma ana sifa zake, na jioni taa za wavuvi huwaka majini mpaka mtu adhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya ziwa. Swali linakuja pale mtu anapougua usiku. Milima nyuma, maji mbele, je, anakwenda wapi?

Swali hilo ndilo linaloifanya safari ya Wampembe ihusiane na jambo ambalo wazazi wengi wa mjini hawalitarajii: gemu la kompyuta ambalo vijana wao hucheza usiku, wakijifanya matabibu wa kituo cha anga za juu.

Gemu lenyewe

Linaitwa Space Station 13. Lilianza mwaka 2003, na tangu wakati huo limekuwa likiendelezwa na wachezaji wenyewe wanaojitolea, kila kundi na seva yake. Halina picha za kutisha macho kwa uzuri. Mchezaji anaona kituo kutoka juu, kimechorwa kwa vijumba vidogo vya mraba, kama mtu anayetazama ramani ya nyumba. Kuna toleo jipya, Space Station 14, lililoandikwa upya kutoka mwanzo. Yote mawili hayauzwi. Kinachohitajika ni kompyuta ya kawaida na bando la kutosha, kwa hiyo kijana wa Sumbawanga au Dar es Salaam anaweza kuingia humo sawa na kijana wa Ulaya.

Watu kadhaa, pengine makumi, huingia kwa wakati mmoja, na kila mmoja hupewa kazi. Kuna nahodha, mafundi wa umeme na hewa, mpishi, mkulima wa bustani, mfagizi, walinzi, kasisi, hata mchekeshaji. Kila raundi huchukua saa moja au mbili. Katikati yake jambo huharibika: ukuta unatoboka na hewa inatoka, gesi ya sumu inavuja, moto unawaka, au mmoja wao aliyepewa siri ya kuhujumu anaanza kazi yake. Mwishoni chombo cha uokoaji huja kuwachukua waliosalia.

Kati ya kazi zote hizo, ya tabibu ina wafuasi wake maalumu. Kuna mganga mkuu, kuna madaktari wa kawaida, kuna mkemia anayechanganya dawa, kuna mtaalamu wa virusi, na kuna yule wa dharura anayetoka mbio kuwafuata majeruhi huko waliko. Tabibu ana kifaa cha kumpima mgonjwa kinachoonyesha madhara ya aina nne: kupigwa au kukatwa, kuungua, sumu, na kukosa hewa. Kila aina ina tiba yake. Anayempaka mgonjwa dawa ya kuungua wakati tatizo lake ni kukosa pumzi atamkodolea macho akifa huku ngozi yake ikiwa nzuri.

Mchezaji mgeni hujifunza mambo matatu kwa haraka, na mara nyingi kwa uchungu.

La kwanza ni kwamba wagonjwa hawaji kwa foleni. Wakiletwa watano kwa mpigo na tabibu ni mmoja, anayepiga kelele zaidi siye aliye hatarini zaidi. Anayelia ana pumzi. Aliyenyamaza kwenye kona ndiye wa kutazamwa mwanzo.

La pili ni kwamba anayekimbia kumwokoa mwenzake kwenye eneo lisilo na hewa bila kuvaa vazi lake, anakuwa mgonjwa wa pili. Watu wa ziwani hawahitaji kuelezwa sana hilo. Kila mwambao una habari za mtu aliyezama akijaribu kumtoa aliyezama.

La tatu ni kwamba hospitali ya kituo hufa polepole hata kama madaktari wake ni hodari. Umeme ukikatika mashine zinazima. Mkulima asipoleta mazao, mkemia anapungukiwa. Watu wa shehena wasipoagiza damu, damu inakwisha. Mfagizi asiposafisha, watu wanateleza na kuvunjika. Kwa hiyo tabibu mzuri wa gemu hutumia nusu ya muda wake akiwaomba watu wasio matabibu wafanye kazi zao.

Kituo ndani ya kituo

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mengi: kituo cha basi, kituo cha polisi, kituo cha afya, kituo cha anga. Mwambao wa Ziwa Tanganyika unalifahamu neno hilo kwa maana ya zamani pia, ya mahali palipojengwa na wageni mbali na kwao, pakiwa na ghala, ukuta na watu wachache wanaotegemeana.

Karema, kaskazini mwa Wampembe kwenye ufukwe huohuo, ilianzishwa kama kituo cha namna hiyo na Wabelgiji mwaka 1879, kisha mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa wamisionari wa White Fathers. Mwaka 1889 aliwasili hapo kijana mmoja Mwafrika aliyekuwa na elimu ya utabibu. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na wamisionari, kisha akapelekwa kisiwani Malta kusomea udaktari. Alifika Karema akiwa na umri wa miaka ishirini na ushei. Alikaa hapo akitibu hadi alipofariki mwaka 1956.

Miaka 67 kwenye kituo kimoja. Hapakuwa na gari la wagonjwa, wala simu, na dawa zilizotoka ng'ambo zilisafiri kwa miezi. Alioa huko, akazaa huko, na mwanawe akawa padri. Leo hospitali ya Kanisa Katoliki mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake, na mgonjwa anayepandishwa kutoka ziwani huenda akapokelewa chini ya bango la mtu aliyeanza kazi hiyohiyo kwenye mwambao huohuo.

Ziwani napo kulikuwa na meli ambayo kwa vizazi kadhaa ilikuwa barabara ya watu wa mwambao. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikaletwa vipandevipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 isitekwe, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa ambalo Livingstone alilisikia alipofika upande wa kusini mwaka 1867. Wampembe ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Haikutia nanga gatini kwa sababu gati halikuwapo. Ilisimama majini, na maboti ya mbao yakaisogelea yakiwa yamebeba abiria, kuku, magunia ya dagaa na, mara nyingine, mgonjwa aliyefungwa kwenye kanga akipandishwa kwa mikono.

Kutoka juu ya dunia ni karibu zaidi

Kituo cha kweli cha anga za juu, kile cha kimataifa, huizunguka dunia kwa umbali wa kilomita 400 hivi kwenda juu. Hiyo ni pungufu ya nusu ya safari ya kutoka Wampembe kwenda Dar es Salaam. Huko hakuna daktari kila wakati. Baadhi ya wanaanga hufunzwa kidogo utabibu na kupewa jukumu la afya ya wenzao, huku madaktari wa duniani wakiwaelekeza kwa redio.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 madaktari wa Marekani walitoa habari ya mwanaanga aliyegundulika akiwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa shingo. Daktari bingwa akamwongoza kutoka duniani. Sindano za dawa ya kuyeyusha damu zilizokuwapo kituoni zilikuwa chache, ikabidi zipangwe kwa hesabu mpaka chombo cha mizigo kilete dawa nyingine. Mwanaanga huyo alimaliza kazi yake na kurudi salama.

Mtu yeyote aliyewahi kusimamia stoo ya dawa ya zahanati ya kijijini ataielewa habari hiyo vizuri kuliko msomaji wa mjini. Kuhesabu vidonge vilivyobaki na kuhesabu siku hadi gari la dawa lifike ni kazi ya kila mwezi. Tofauti ni kwamba mwanaanga akizidiwa, chombo cha kurudia kimefungwa mlangoni kikimsubiri. Kile cha Kirusi, Soyuz, humfikisha ardhini kwa muda wa saa tatu na nusu hivi tangu kinapoachana na kituo. Wampembe wakati wa masika, barabara ikiwa na utelezi na makorongo yamejaa, hakuna dereva atakayeahidi saa.

Ucheleweshaji wa aina tatu

Mwaka 1994 watafiti wawili, Serene Thaddeus na Deborah Maine, waliandika jambo ambalo hadi leo hufundishwa kwa wauguzi na wakunga. Walisema kina mama wanaokufa kwa uzazi, wengi huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika penye huduma, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Mchezaji wa gemu la tabibu anazijua zote tatu bila kusoma makala yao. Nguo za wafanyakazi wa kituo cha anga zina kifaa kinachotuma habari za afya yao hadi hospitali. Lakini kifaa hicho huwashwa na mvaaji mwenyewe. Asipokiwasha, tabibu hamwoni kwenye ramani, na kilio cha kila siku cha matabibu kwenye redio ya kituo ni hicho: jamani, washeni vifaa vyenu. Huo ni ucheleweshaji wa kwanza. Wa pili ni umbali wa korido kati ya aliyeanguka na kitanda, na milango iliyokwama katikati. Wa tatu ni kumfikisha mgonjwa mlangoni ukakuta mganga mkuu ameondoka na funguo za kabati la dawa.

Wampembe mambo hayo yana sura za watu. Ucheleweshaji wa kwanza ni mama anayetokwa damu huku nyumbani wakimsubiri mume arudi kutoka ziwani ndipo uamuzi utolewe, au mama mkwe anayesema uchungu wa kwanza huwa hivyohivyo. Ni kichwa kinachouma sana na macho yanayoona ukungu, dalili za kifafa cha mimba, vikidhaniwa kuwa vya kurogwa. Sumbawanga yenyewe, husemwa, maana yake ni tupa uchawi, na mkoa mzima umechoshwa na utani wa nchi nzima juu ya jambo hilo. Lakini utani ukiwekwa kando, nyumba inayotafuta mchawi wakati shinikizo la damu linapanda inapoteza saa ambazo haina.

Ucheleweshaji wa pili ni ukuta wa milima. Mfumo wa afya wa nchi umepangwa kama ngazi: zahanati kijijini, kituo cha afya kwenye kata, hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa. Kwenye tambarare ngazi hiyo ni usemi tu. Huku ni ngazi kwelikweli, na mgonjwa huipanda akiwa amelala. Kwa vijiji vya mwambao visivyo na barabara, safari huanza kwa boti ya injini, na kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini unapovuma ziwa huchafuka kiasi kwamba wenye boti wazoefu hukataa kutoka. Hawakatai kwa ukatili. Wanajua vazi la hewa ni nini.

Ucheleweshaji wa tatu ni ule ambao mgonjwa haoni. Ni damu isiyokuwapo kwenye jokofu, betri ya sola iliyochoka, mtaalamu wa usingizi aliye mmoja na amekwenda semina. Hapa ndipo somo la mfagizi na fundi umeme wa gemu linapoeleweka. Kituo cha afya ni muuguzi, lakini pia ni mafuta ya jenereta, maji bombani, na daraja ambalo halijasombwa.

Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Ndiyo sababu saa hizo zinahesabiwa namna hii.

Habari njema ipo

Si haki kuandika juu ya mwambao huu kana kwamba hakuna kilichobadilika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha Tanzania ikipoteza kina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Ni mteremko mkubwa, na umetokana na mambo mengi madogo yaliyofanywa pamoja: vituo vya afya vilivyoongezewa vyumba vya upasuaji, wakunga waliopelekwa vijijini, kina mama wengi zaidi kujifungulia penye wataalamu, na usafiri.

Kuhusu usafiri, kila familia yenye mjamzito inapaswa kuijua namba 115. Ni ya bure. Ni ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, na unawahudumia wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Anayepiga hupokelewa na kituo cha uratibu. Hapo mhudumu anauliza dalili, anaamua uzito wake, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Kama gari liko mbali, anaitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyejiandikisha, na malipo yake hutumwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Kwa maneno mengine, dereva wa teksi au mwenye boti anageuzwa kuwa sehemu ya hospitali kwa usiku mmoja. Mchezaji wa gemu angesema hatimaye mtu amewasha kifaa cha kwenye nguo.

Lakini simu haipigi yenyewe. Familia ya mwambaoni au ya mjini inaweza kumaliza ucheleweshaji wa kwanza kabla haujaanza, kwa kukaa chini mama akiwa bado na miezi mitano na kukubaliana mambo haya: nani ataamua kama baba hayupo, chombo gani kitatumika na mwenye chombo ni nani, ndugu gani wawili walio tayari kutoa damu, fedha kidogo imewekwa wapi, na nani atabaki na watoto. Aliyewahi kupoteza mtoto tumboni, aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha au mwenye shinikizo la damu asisubiri uchungu chini ya mlima. Apande mapema akakae kwa ndugu karibu na hospitali, au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito pale ilipo.

Dalili za kutoka mbio ni hizi: damu yoyote nyingi, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, na mtoto kuacha kucheza tumboni.

Mkemia wa jikoni

Kuna jambo jingine ambalo gemu na mwambao vinakubaliana. Mkemia wa kituo cha anga anaponya au anaua kwa kipimo. Dawa ileile ikizidi ni sumu.

Kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara yamekuwa wageni wa mara kwa mara kwenye mialo ya Ziwa Tanganyika, kwa kuwa watu wengi hukaa pamoja karibu na maji yaleyale wanayokunywa, kuoga na kuoshea. Anayeharisha hafi kwa mdudu tu. Anakufa kwa kukauka maji. Tiba ya kwanza ni pakiti ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, inayopatikana zahanati na dukani. Ikikosekana, mama wa nyumbani anaweza kuwa mkemia: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo mwenye kuchanganya aonje kwanza. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mgonjwa anywe kidogokidogo, hata akitapika, huku safari ya kwenda zahanati ikiandaliwa. Kinywaji hicho kinanunua muda wa safari, hakichukui nafasi ya zahanati.

Mzazi na kompyuta

Je, mzazi aliyemkuta kijana wake saa tano usiku akihangaika na majeruhi wa kituo cha anga afanye nini? Azime kompyuta au avute kiti?

Kwanza ajue kwamba gemu hili lina ukatili ndani yake, na lugha za wachezaji si zote za kusikilizwa mezani. Baadhi ya seva zenyewe zinakataa walio chini ya miaka 18. Kwa mtoto wa shule ya msingi halifai. Na kwa mwanafunzi yeyote, raundi ya saa mbili inayoanza saa nne usiku inaishia darasani asubuhi ikiwa ni usingizi.

Pili ajue gemu linapodanganya. Mle ndani aliyekufa anaweza kurudishwa kwa mashine ya kushtua moyo, na katika baadhi ya seva hata kwa kutengenezewa mwili mwingine. Raundi mpya ikianza, wote ni wazima na hakuna anayedaiwa msiba. Tabibu wa gemu hajawahi kutoka nje ya mlango kuwaambia ndugu waliokaa kwenye mkeka. Hajawahi kurudi siku ya pili kwenye chumba kilekile na kumpokea mwingine. Muuguzi wa Wampembe anayajua hayo, naye hana kitufe cha kuanza upya.

Lakini kijana ambaye kwa miezi amejizoeza kumtazama kwanza aliyenyamaza, kuvaa vazi lake kabla ya kuokoa, kuhesabu dawa iliyobaki na kumheshimu mfagizi, ana kitu mkononi ambacho mzazi anaweza kukifanyia kazi. Anaweza kumuuliza: hapa mtaani kwetu, mtu akianguka sasa hivi, tunamfikisha wapi, kwa chombo gani, na nani ana funguo? Vijana wengi watashangaa kugundua kwamba wanaifahamu ramani ya hospitali ya anga kuliko njia ya kwenda zahanati yao. Kuna mafunzo ya huduma ya kwanza yanayotolewa na Msalaba Mwekundu, kuna siku za kuchangia damu kwa wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na kuna vyuo vya uuguzi na utabibu vinavyohitaji vijana walio tayari kupangiwa kazi mwisho wa barabara.

Maana mwisho wa barabara ndipo wanapokosekana. Mtu akisoma Sumbawanga, Mbeya au Dar es Salaam, mjini panamshika. Nyumba ina umeme, shule ya watoto iko karibu, mshahara unaweza kuongezewa na kazi ya jioni. Barua ya kupangiwa mwambao wa Tanganyika hupokelewa nyumbani kwa huzuni, na wazee huanza kutafuta nani wa kumwona ili ibadilishwe. Kijana kutoka Mali aliyeshushwa Karema mwaka 1889 hakuwa na ndugu hata mmoja ziwani. Waliomfanya abaki walikuwa wagonjwa wake.

Wampembe, usiku ambao ziwa limetulia, wavuvi huondoka jua likizama na taa zao hupangana hadi mbali. Kituo cha afya nacho kina taa yake. Ndani kuna mtu aliyepangwa zamu, ana daftari, ana simu iliyochajiwa, na anajua ni nani kati ya wenye boti ambaye hataki kuamshwa lakini huamka.